Kulinganisha Vinavyolinganika: Miaka Yangu na Kiingereza, Kitui na Makueni

Mwalimu kijana aliyerithi meza yangu pale mjini Wote ndiye aliyeniomba niandike. "Tunakuta mitihani yako ya zamani kabatini, Mwalimu," akaniambia, "lakini hatujui ilitoka wapi. Andika tu vile ilikuwa." Nimekubali, ila naandika kwa Kiswahili. Najua baadhi yenu mtacheka, mwalimu wa Kiingereza kukimbilia Kiswahili mara tu alipostaafu. Sababu ni rahisi. Nikiandika sentensi ya Kiingereza, mkono wangu wa kulia unaanza kutafuta kalamu nyekundu, na sasa nataka mkono huo upumzike.

Sitawasimulia vyeo. Vilikuja vichache, na kila kimoja kilinikuta nimeshasahau kwamba nilikitaka. Nataka kusimulia juu ya jambo moja dogo la sarufi ambalo lilinifuata tangu siku zangu za kwanza hadi za mwisho. Ni kulinganisha. Mtoto akiandika kwamba hiki kinazidi kile, je, ameweka kwenye mizani vitu viwili vinavyolinganika? Swali lenyewe ni dogo. Lakini liliwahi kunigombanisha na mtu niliyempenda, na hilo nitalifikia.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya sitini, katika shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wenyeji, karibu na Matinyani, si mbali na nyumbani kwetu. Darasa lilikuwa na mabati juu na halikuwa na dari. Mvua ikinyesha tulisimamisha somo kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. Ni haki niseme kwamba mvua ya Kitui haikutusimamisha mara nyingi.

Insha yangu ya kwanza niliwapa kidato cha kwanza waandike juu ya nyumbani kwao. Mwanafunzi mmoja, Musyoka, aliandika: "My father's cows are fatter than my uncle." Nikapiga mstari mwekundu, nikaandika sentensi sahihi pembeni, nikaenda zangu nikidhani nimefundisha. Wiki iliyofuata nusu ya darasa walifanya kosa lile lile. Nyumba ya huyu ilikuwa kubwa kuliko jirani, shamba la yule lilikuwa na rutuba kuliko babu. Nikasimama ubaoni nikaeleza kanuni kwa Kiingereza kizuri cha chuoni. Walinitazama kwa heshima, kama watu wanaosubiri mahubiri marefu yaishe.

Ndipo nikasema, "Musyoka, simama. Ile sentensi yako iseme kwa Kiswahili."

Akasimama. "Ng'ombe wa baba ni wanono kuliko mjomba."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Musyoka mwenyewe alicheka, halafu akanyamaza ghafla, kwa maana mjomba wake alikuwa mjumbe wa halmashauri ya shule, na kwa kweli alikuwa mtu mwenye mwili.

"Ndivyo ulitaka kusema?"

"Hapana, Mwalimu. Nilitaka kusema kuliko wa mjomba."

"Umeongeza nini?"

"Wa."

"Basi hiyo 'wa' ndogo Kiingereza nacho kinaidai. Kwa Kiswahili huwezi kuisahau, hata ukiwa umelala. Kwa Kikamba pia huwezi. Mbona ukivaa Kiingereza unaiacha nyumbani?"

Siku hiyo walielewa. Walianza kujaribu sentensi zao kwa Kiswahili, wakicheka, kisha wakizirudisha kwenye Kiingereza zikiwa zimenyooka. Nilipogeuka kufuta ubao nikaona mlangoni amesimama Mwalimu Kilonzo.

Kilonzo alikuwa mkuu wa somo la Kiingereza. Alifundisha tangu kabla ya Uhuru, alivaa koti hata mwezi wa pili jua likichoma, na alichonga penseli zake kwa wembe mpaka ncha zake zingeweza kushona nguo. Shule ile ilikuwa na sheria kwamba lugha ni Kiingereza peke yake. Mwanafunzi aliyeponyokwa na Kikamba au Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine.

"Mwalimu Ndunge," akasema tulipotoka nje, "leo kibao kile ungekivaa wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akatembea kidogo, mikono nyuma. "Kesho hilo somo ulirudie katika kidato cha pili. Mimi nitakaa nyuma."

Akakaa nyuma kweli, kwenye dawati lililokuwa fupi kwa magoti yake. Hakucheka hata mara moja. Lakini tangu siku hiyo alinichukua kuwa mwanafunzi wake, na yote ninayoyajua kuhusu kutunga maswali ya mtihani yalitoka kwake.

Alinifundisha kwamba swali la kuchagua lina jibu moja la kweli na matatu ya uongo, na kwamba kazi yote iko kwenye yale ya uongo. "Jibu la kweli lipo tayari duniani," alisema. "Lile la uongo ni lazima ulitafute. Liwe uongo ambao mtu mwenye akili angeweza kuusema." Alinilazimisha kusoma kila jibu baya kwa sauti na kumwambia ni nani angelichagua na kwa nini. Nikishindwa kueleza, alilikata. Hakutaka mtego wa kuonea. Ukimnasa mtoto, alisema, ni lazima uweze kumwonyesha kamba iliyomnasa, naye aseme, "Ah, kumbe."

Siku moja nilimwandikia sentensi ya kumpima mwanafunzi: masikio ya punda ni marefu kuliko mbuzi. Nilidhani ni ya kuchekesha tu. Yeye akachukua penseli, akachora sikio la punda, na kando yake akamchora mbuzi mzima amesimama wima kwa miguu ya nyuma. Alimchora kwa makini, mpaka ndevu. "Sasa pima," akaniambia. Mbuzi alilizidi sikio mbali sana. "Unaona? Kosa hili si kwamba halipendezi. Ni uongo. Sarufi mbaya ya namna hii inamfanya mtu mkweli aseme uongo bila kujua." Tangu hapo sikuwahi kuliita kosa dogo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kazi ya mikono. Mtihani tuliupiga kwa taipureta kwenye stensili, ile karatasi yenye nta, kisha tukauviringisha kwenye mashine ya kurudufia iliyozungushwa kwa mkono. Wino wake uliingia chini ya kucha na ukakaa humo mpaka Jumapili. Mchungaji wetu alimuuliza mama yangu kama nimeanza kutengeneza magari. Ukikosea herufi kwenye stensili ulipaswa kuziba kosa kwa dawa maalumu, na dawa ikiisha, rangi ya kucha ilifanya kazi ile ile. Kanisani kwetu rangi ya kucha haikupendwa. Chupa yangu niliiweka kwenye droo ya shule, nikaibandika karatasi iliyosema "Mitihani", na hakuna aliyeuliza.

Katikati ya miaka ya sabini nilihamishiwa upande wa pili, Makueni, karibu na mji wa Wote. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na Wote lilikuwa soko la maduka machache na vumbi la kutosha. Mwalimu Kilonzo alinisindikiza mpaka kituo cha basi akanipa wembe mpya wa penseli, bado umo kwenye karatasi yake. Hakunipa wosia. Alisema tu, "Usiwape maswali ambayo hujayajibu mwenyewe ukiwa na njaa." Niliporudi Matinyani kwa mazishi yake, miaka kadhaa baadaye, nilikuta kila mwalimu pale amepewa usia wake, na hakuna uliofanana na mwingine.

Huko Wote nilipata darasa lenye watoto wa pande zote mbili, wengine wamezaliwa Kitui na kuja kukaa na ndugu zao. Mazoezi yangu ya kulinganisha yaliwagombanisha haraka. Kila upande ulitaka kushinda kwa ukame. Mmoja alisimama akasema mito ya Kitui ni mikavu kuliko Makueni, mwenzake akamwambia kwanza arekebishe sentensi ndipo wagombane. Nilifurahi kimoyomoyo. Mkiweza kuwafanya wanafunzi wasahihishane wakiwa na hasira, walimu wenzangu, mmemaliza nusu ya kazi.

Sasa nifike kwa Kasyoka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikienda Emali siku za Jumamosi, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Kasyoka alikuwa jirani yake. Alifundisha darasa la pili katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, naye alikuwa mwalimu asiye na mafunzo, kama wengi wakati huo. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani Krismasi. Kila mtu Emali alijua kwamba watoto wa darasa lake ndio waliosoma vizuri kuliko wa madarasa mengine. Lakini bila chuo, kila mwaka kazi yake ilining'inia. Mwalimu mwenye cheti angeweza kuletwa wakati wowote, naye aambiwe asante.

Kulikuwa na chuo kimoja cha ualimu kilichochukua walimu wa namna yake kwa mtihani wa mchujo. Hesabu alipita kila mara. Kiingereza kilimwangusha kila mara.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi Kiingereza nakisikia. Nikiulizwa ndio kinatoroka."

"Mama Muthoka," nikamwambia, kwa maana nilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "tutakifunga kamba."

Tulisomea kwenye baraza ya duka la nguo la Mama Halima, mwanamke Msomali ambaye familia yake ilitoka Garissa. Jumamosi Emali ina kelele ya malori na ng'ombe, lakini baraza ile ilikuwa na kivuli, na Mama Halima alipenda mazungumzo. Alikuwa akikunja vitambaa na kusikiliza. Mara nyingine aliingilia.

"Nyinyi mnasumbuka bure," alisema siku tuliyokuwa tunashughulikia ile "wa" ndogo. "Mteja akiniambia kitambaa chako ni ghali kuliko jirani, mimi namwambia jirani siuzi. Akitaka tuongee, aseme kuliko cha jirani."

Kasyoka alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Baada ya hapo hakukosea tena sentensi za namna hiyo.

Mwaka ule ule chuo kiliomba walimu wachache wa sekondari kusaidia kutunga na kusahihisha mtihani wa Kiingereza, nami nikawa mmoja wao. Maswali ya kuchagua aliyatunga mwenyekiti wetu, Mwalimu Mutiso, mtu mpole aliyefundisha Kitui kwa muda mrefu na kuheshimiwa na kila mtu, nami nikiwemo. Sisi wengine tulitunga ufahamu na insha, kwa hiyo maswali yake niliyaona siku ya kusahihisha, watahiniwa wakiwa wameshaandika na kurudi makwao.

Tuliketi katika ukumbi wa chuo, chai mezani. Karatasi zilikuwa na namba bila majina, zimefungwa kwa mafungu kufuata upande walikotoka watahiniwa. Mutiso alitusomea majibu sahihi, sisi tukiyaandika. Alipofika kwenye swali la jiwe la Nzambani, lile jabali maarufu la Kitui, kalamu yangu ilisimama.

Mtahiniwa alitakiwa kuchagua sentensi iliyo sahihi. Moja ilisema, "Nzambani is bigger than any rock in Kitui." Nyingine ilikuwa ile ile, ila ilisema "any other rock". Mutiso alisoma ya kwanza kuwa ndiyo sahihi, na ya pili kuwa ina neno lisilohitajika.

Kwa asiyejua Kiingereza nitaeleza. Ya kwanza inasema Nzambani ni kubwa kuliko jiwe lolote Kitui. Ya pili inasema ni kubwa kuliko jiwe lingine lolote Kitui. Nzambani yenyewe iko Kitui. Ukisema ni kubwa kuliko jiwe lolote lililoko huko, umesema pia kwamba ni kubwa kuliko Nzambani.

Niliinua mkono. Kabla sijaeleza neno, nilijua jambo moja lazima litangulie.

"Mwenyekiti, nina pingamizi juu ya swali hili. Lakini kwanza mjue kwamba kuna mtahiniwa mmoja wa Emali ambaye nimekuwa nikimfundisha. Sijui namba yake."

Mutiso akavua miwani. "Mwalimu, unatetea lugha au unamtetea mtu?"

"Natetea lugha. Kama inamsaidia mtu, sijui."

Hapo sikusema kweli yote iliyokuwa moyoni. Niliamini inamsaidia. Kulinganisha ndilo somo tulilolikalia zaidi pale barazani, na nilikuwa na hakika amechagua sawa.

Nikaenda ubaoni, nikachora duara kubwa. "Hapa ndani ni mawe yote ya Kitui. Mwalimu Mutiso, Nzambani niiweke wapi, ndani au nje?"

"Ndani, bila shaka."

"Sasa sentensi yako inasema Nzambani ni kubwa kuliko kila kilicho ndani ya duara."

Mmoja wa walimu akasema hata redioni watu husema hivyo, na kila mtu anaelewa. Mutiso akatikisa kichwa. "Kila mtu anaelewa, ndiyo. Lakini swali halikuuliza kama tunaelewa. Liliuliza ipi ni sahihi." Akavaa miwani yake. "Mwalimu Ndunge ana haki. Swali ni langu na jibu ni baya."

Kisha akatoa shauri lililoonekana la upole. "Kwa kuwa sisi ndio tuliochanganyikiwa, wote wapewe alama hiyo. Waliochagua hii na waliochagua ile."

Wengi waliitikia. Ilikuwa karibu saa ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa bado nimesimama na chaki mkononi.

"Swali lenyewe halina kosa," nikasema. "Lina jibu moja, na lipo hapo kwenye karatasi. Kosa lilikuwa kwenye orodha yetu ya majibu, na hiyo hawakuiona. Aliyeona kwamba jiwe haliwezi kujizidi amefanya kazi tuliyomwomba. Tukimpa alama sawa na ambaye hakuona, tumemwambia nini? Hawa wanakwenda kufundisha watoto."

Tulijadiliana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubali. Mutiso aliamua kwamba karatasi zozote kutoka upande wa Emali nisiziguse, nami nikaona ni haki. Swali likasahihishwa upya, kwa jibu la pili.

Majina yalipofunguliwa mwisho wa juma, Kasyoka alikuwa ameanguka kwa alama moja.

Mutiso ndiye aliyeniletea karatasi yake. Aliiweka tu mbele yangu. Sentensi zote za "wa" ndogo alikuwa amezipata. Kwenye Nzambani alikuwa ameanza kutia alama kwenye jibu la pili, lile sahihi, kisha akalikata na kuchagua la kwanza. Kwa orodha ya zamani angepita. Kwa alama ya kugawiwa wote angepita.

"Bado naweza kuita kikao tena," Mutiso akasema taratibu.

Nilimwambia asiite. Nilitamani aite. Kama angekuwa mtu ambaye simjui, nisingefikiria hata mara moja kuomba kikao, na kwa sababu hiyo sikuweza kukiomba kwa ajili yake.

Jumamosi hiyo nilikwenda Emali nikamweleza mwenyewe. Chuo kingempelekea habari, lakini sikutaka aipate habari nusu. Tulikaa pale pale barazani. Nilimwambia yote kwa mpangilio: duara, shauri la Mutiso, na mimi niliyelipinga.

Alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. "Kwa hivyo ningepita."

"Ndiyo."

"Na ni wewe ulisema nisipite."

"Nilisema jibu lile si sahihi. Sikujua ni lako."

"Ungenyamaza tu, Mwalimu. Kunyamaza ni bure." Hakupandisha sauti. "Unajua kwa nini nilikata? Uliniambia kwenye insha niondoe maneno ya ziada. Nikaona hiyo 'other' ni ya ziada. Nikasema Mwalimu angeikata."

Mama Halima aliacha kukunja vitambaa, akaingia ndani ya duka. Kasyoka alikusanya vitabu vyake, akanishukuru kwa heshima, kama unavyomshukuru mgeni, akavuka reli kwenda kwake.

Hakuja Jumamosi iliyofuata wala iliyoifuata. Dada yangu aliniambia anafundisha kama kawaida na kanisani anaimba kama kawaida, ila akiniona mbali anapita njia nyingine. Niliendelea kuketi barazani, nikisahihisha insha za Wote. Mama Halima alinipa chai ya maziwa ya ngamia na hakunipa maoni yake. Siku moja tu alisema, "Wewe ulipima sawa. Lakini aliyepimwa ana uchungu, na uchungu unataka muda wake."

Mimi nami nilikuwa na wangu. Niliwaza kwamba labda mtu mwema angekubali lile shauri la kugawa alama na kwenda kula chakula. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi. Ninachojua ni kwamba ningesimama tena, na ningeumia tena. Walimu vijana hupenda kuambiwa kwamba ukifanya haki moyo unatulia. Wangu haukutulia.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Jumamosi moja, mvua za vuli zikiwa zimekaribia na upepo ukipeperusha vumbi sokoni, Kasyoka alivuka reli akaja moja kwa moja barazani. Hakuketi.

"Niliwaambia watoto wa darasa langu hiyo hadithi," akasema. "Ya jiwe. Sikusema ni mimi."

"Wakasemaje?"

"Mmoja aliuliza, huyo mwalimu aliyekata jibu hakuona Nzambani iko ndani ya Kitui?" Akatazama chini. "Mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa na hasira na wewe nikisimulia. Alipouliza hivyo, nikakosa mtu wa kukasirikia."

"Mimi bado nipo," nikamwambia.

Akacheka kidogo, kicheko cha kukata tamaa na kukubali kwa pamoja. Kisha akaketi na kutoa kitabu. "Tuendelee, Mwalimu. Lakini usiniambie kwamba nitapita. Niambie tu kama ni sawa au si sawa."

Mwaka uliofuata nilijitoa kwenye kamati ili nimfundishe bila kuulizwa na mtu. Hakufanya mtihani mwaka huo, mwanawe wa mwisho aliugua sana na hakuwa na kichwa cha kusoma. Alifanya ule uliofuata, akapita, na hakupita kwa alama moja. Mutiso alinitumia salamu kupitia mwalimu wa Kitui, kwamba mtahiniwa wa Emali alikuwa ameandika insha nzuri kuliko zote alizosoma, na kwamba alikuwa amehakikisha ni kuliko zingine zote.

Alipoondoka kwenda chuoni asubuhi moja, na sanduku lake likiwa limefungwa kamba juu ya basi, nilitaka kumuuliza kama ameshanisamehe. Sikuuliza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu, kisha akapanda. Alipohitimu alipelekwa shule ya msingi moja mbali na barabara kuu, nami nikaendelea Wote. Tulionana kwa nadra, kwenye semina na matanga.

Niwaambie la mwisho, kisha niwaache mwende darasani. Ilikuwa miaka ya tisini, Makueni imekuwa wilaya yenyewe na Wote imeanza kujaa maofisi. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Siku ya kwanza ya muhula niliingia kidato cha kwanza, watoto wapya, sare bado zina mikunjo ya dukani. Nilitaka kuwapa sentensi nyepesi ya kuanzia, nikaandika ubaoni kwamba mvua za mwaka huu ni nzuri zaidi. Nikawaambia waisome.

Msichana mdogo wa mstari wa mbele hakusoma. Aliinua mkono.

"Mwalimu, nzuri zaidi kuliko nini?"

Darasa likamgeukia. Alidhani amekosea, akaanza kushusha mkono.

"Usishushe," nikamwambia. "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Mwalimu Kasyoka. Alisema tusiandike jibu kabla ya kuuliza hiyo."

Nikaligeuzia darasa mgongo, kwa sababu nilihitaji kufanya hivyo. Kisha nikachukua kifutio, nikafuta sentensi yangu, nikaandika nyingine iliyokamilika.